Uwanja huu ni wa mji, na mimi ni mkazi wa mji

Jumamosi asubuhi, pale wachezaji wanapoanzia kwenye uwanja mkongwe wa gofu wa St Andrews hapa Scotland, mtalii mmoja alinitia begi lake la fimbo mkononi na kuniuliza kama niko tayari kwenda. Sikuvaa kizibao cha makedi, wale wanaolipwa kuwabebea wachezaji mabegi. Fimbo zangu mwenyewe zilikuwa begani. Nilimrudishia begi nikamwambia kundi langu linatangulia, lake linafuata.

Naomba nieleweke. Kubeba begi ni kazi ya heshima. Wachezaji wengi wa kulipwa huko kwetu walianza kama makedi, wakaujifunza mchezo kwa macho, na makedi wa hapa wanalijua kila tuta. Kilichoniuma ni kwamba yule bwana aliiona rangi yangu, fimbo zangu hakuziona. Mzee niliyepangwa naye, mstaafu wa mji huu, aliyasikia yote. Tulipoitwa alisema kwa sauti ya kusikika: "Jirani yangu ndiye anaanza." Nilishukuru sana, na mpira wangu wa kwanza ulinyooka.

Wengi huniandikia kwamba gofu ni ya mabosi. Nyumbani tunaujua uwanja wa gofu kwa ukuta wake na askari wa getini. Huu wa hapa ni mali ya umma. Hati ya mwaka 1552 ilitambua haki ya watu wa mji kucheza kwenye ardhi hii ya pwani. Mwishoni mwa karne ya 18 mji ulifilisika, ardhi ikaangukia kwa wafanyabiashara waliofuga sungura humo, na wachezaji wakapambana nao miaka zaidi ya 20, hadi 1821 James Cheape, mwenye ardhi wa jirani, alipoinunua akauokoa mchezo. Mpaka leo Jumapili kwa kawaida hakuchezwi: watu hutembeza mbwa, watoto hukimbia pale pale ambapo Tiger Woods alishinda mashindano makubwa ya The Open mwaka 2000 bila mpira wake kuingia banka (shimo la mchanga la kumtega mchezaji) hata moja kwa siku nne.

Bei? Mgeni wakati wa kiangazi hulipa zaidi ya pauni 300 kwa mzunguko mmoja wa mashimo 18, pigeni hesabu wenyewe. Sisi wakazi tuna kadi ya mwaka kwa bei ambayo muuguzi kama mimi anaimudu bila kugusa pesa ya kutuma nyumbani. Nafasi nyingi za kucheza hutolewa kwa kura, na kura haijui nani ni tajiri.

Sasa mchezo wenyewe. Sahauni picha za viwanja vya miti na mabwawa. Hapa chini ni mchanga uliofunikwa nyasi fupi, ngumu. Mvua ikinyesha maji huzama upesi, kwa hiyo mpira ukitua unaendelea kukimbia, na kituta kidogo kinaupeleka kinakotaka. Ukiupaisha, upepo wa Bahari ya Kaskazini unauchukua. Wenyeji hupiga chini-chini. Mashimo ya kwanza yanakupeleka mbali na mji, ya mwisho yanakurudisha: umbali ule ule niliopiga kwa fimbo namba 9, ya masafa mafupi, wakati wa kwenda ulinidai namba 4, ya masafa marefu, wakati wa kurudi. Mabanka, yale mashimo ya mchanga, yako 112, na mengi huyaoni mpaka umeyafikia. Lile la shimo la 14 linaloitwa Hell, yaani Jehanamu, lina kina cha karibu mita 3, na ukiwa ndani unaona ukuta wa nyasi na mbingu basi.

Ninachokipenda kuliko vyote ni grini (sehemu za nyasi fupi kabisa zenye shimo na bendera) saba kubwa ambazo kila moja inatumiwa na mashimo mawili, wanaokwenda na wanaorudi, bendera nyeupe na nyekundu. Jumlisheni namba zinazoshirikiana: 2 na 16, 5 na 13, 8 na 10. Kila mara ni 18. Unasimama kumpisha usiyemjua, anakusalimu, mnaachana. Watu wa hapa wamezoea kugawana nafasi, na nadhani ndiyo maana yule mzee hakuhitaji kufundishwa la kusema.

Kwa mnaojiandaa kuja pande hizi: kodi ya nyumba mjini ni kali kwa sababu ya wanafunzi wa chuo kikuu, ulizieni vijiji vya jirani au mji wa Dundee, ila mjue kadi ya mkazi inafuata anwani yako. Nunueni koti la mvua lisilopitisha upepo kabla ya kununua kitu kingine chochote. Na msingoje mpaka mjue mchezo. Hapa hapa St Andrews uwanja wa Balgove una mashimo tisa, ndiko watoto na wanaoanza hucheza. Karibu na ufukwe kuna Himalayas, eneo la vituta la kusukumia mpira shimoni, lenye klabu ya wanawake iliyoanza 1867. Mtu yeyote analipa pauni chache, anapewa fimbo na mpira, anacheza.