Tafakari ya wiki: Na wewe ulikunywa?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Neno letu wiki hii ni 1 Wafalme 17:8-16, Elia na yule mjane wa Sarepta. Naomba mlisome kwanza ndo muendelee, maana mi nimelisoma miaka na miaka nikijua nalielewa, mpaka juzi nilipokaa kwenye mkeka wa mama mmoja huko Burundi.

Tulitoka Kigoma mjini watatu na basi la Manyovu, tukavuka mpakani Mugina, upande wa Makamba, kumpa pole mama aliyefiwa na mumewe, ni ndugu wa mwenzetu mmoja. Petroli kule imekuwa shida muda mrefu so bodaboda zimepaki tu, tukapanda kwa miguu. Na wenzetu hawajakusanyika vijijini kama sisi tulivyokusanywa na operesheni ya miaka ya 1970, kila familia iko kwenye kilima chake, nyumba hapa, nyingine ng'ambo ya bonde, katikati migomba, unapanda unashuka unapanda tena. Tumefika saa nane jasho linatiririka. Lugha haikutusumbua, Kiha na Kirundi ni ndugu, na mama mwenyewe Kiswahili anakijua, aliishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu huku kwetu miaka kadhaa kabla ya kurudi kwao.

Akaleta ugali wa muhogo, lengalenga (mchicha) za mawese na dagaa. Dagaa niliwahesabu, Mungu anisamehe, walikuwa kumi na moja. Alipoweka sahani akaizungusha taratibu mpaka dagaa wote wakawa upande wetu wageni, alafu akawatuma watoto wanne kuchota maji, na dumu la maji nililiona nyuma ya mlango limejaa mpaka shingoni.

Nikasema mama sisi tumeshiba, tulikula njiani. Uongo mtupu. Nilidhani ndo upendo, kuwaachia watoto chakula chao. Yule mama akainamisha macho akaanza kufuta fute mkeka kwa kiganja mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Mzee wa kanisa tuliyekuwa naye akanishika mkono kidogo, akamwambia mama, waite watoto tule wote, na mimi niongezee lengalenga. Akanawa, akamega tonge kubwa, akachovya. Mama uso ukafunguka kabisa akaanza kutuhimiza, fungura, fungura, ndo neno lao la heshima la kumkaribisha mtu ale. Watoto wakaja mbio, tukala mkono kwa mkono, dagaa wakaisha sijui nani kala wangapi na hakuna aliyejali.

Baada ya kula ndo nikamwambia, mama, 2015 mlipokimbilia kwetu kwa wingi kupitia kijiji cha Kagunga, kipindupindu kimeingia, meli ya Liemba inawaleta Kigoma mnafikia uwanja wa Lake Tanganyika, mimi nilikuwepo, wakina mama wa kanisa tulipika uji tukawaletea. Akafurahi, akasema na yeye alipita pale uwanjani. Alafu akaniuliza kwa upole tu, hana hata kinyongo: "Na wewe ulikunywa?"

Wapendwa, sikunywa. Hakuna hata mmoja wetu aliyekunywa. Tuligawa tumesimama, tukaosha sufuria, tukarudi nyumbani kula.

Sasa rudini Sarepta. Mungu alikuwa na kunguru wanaomlisha Elia, angeweza kuendelea nao. Au angemtuma kwa mjane wa Israeli mwenye ghala. Akamtuma nje ya nchi, Sidoni, huko huko alikotoka Yezebeli, kwa mwanamke aliyebaki na konzi ya unga katika pipa na mafuta kidogo, na Elia hakufika na gunia, alifika na njaa! Anaomba maji, alafu mkate, tena anasema nifanyie mimi kwanza. Zamani aya hiyo ilikuwa inanikwaza, nikiona nabii hana huruma. Leo naona alimheshimu. Alimchukulia kama mtu mwenye kitu cha kutoa, wakati yeye mwenyewe ameshajihesabu marehemu. Wazee wetu wanasema mgeni njoo mwenyeji apone, na pale Sarepta alipona mwenyeji na mgeni pia. Yesu alipoikumbusha habari hii Nazareti (Luka 4:26) watu walikasirika mpaka wakataka kumtupa kilimani, yaani kwamba baraka ilipita kwa mgeni maskini iliwauma kiasi hicho.

Tumuombee huyu mama, mdogo wake wa mwisho anakohoa sana usiku na zahanati ni mbali.

Alitusindikiza mpaka barabarani, na kwenye kona ya kitenge changu alikuwa amefunga maharage. Nilitaka kukataa, ulimi ukaniganda, nikapokea kwa mikono miwili. Jumapili tumeyapika nyumbani tumekula. Yamebaki kama kikombe kimoja, hayo nimeyatenga, nitayapanda mvua zikianza.