Jiwe la milimita 5 na ngozi ya firigisi

Usiku ule wa Agosti mjini Guangzhou nilidhani ni ngiri. Kwetu Tanga mwanaume akishika kiuno na kujipindapinda, wazee hawana jibu jingine. Maumivu yalianzia mgongoni upande wa kushoto, chini ya mbavu, yakateremka hadi kwenye kinena. Yaliniachia dakika mbili tatu, halafu yakarudi makali zaidi. Nikatapika. Kukaa siwezi, kulala siwezi. Nikamgongea mlango kaka mmoja wa Mombasa niliyepanga naye, aliyekwisha kaa China miaka sita. Kuniona tu akasema, "Hii si ngiri, bwana mdogo. Vaa viatu twende."

Hospitali aliyonipeleka ilikuwa ya tiba ya Kichina. Nilitegemea moshi na vibuyu. Kumbe nilichomwa sindano ya diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, nikapimwa mkojo, nikafanyiwa altrasaundi. Jiwe moja, milimita 5, limekwama kwenye mrija wa kushoto unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo kwenda kwenye kibofu. Hospitali za namna hiyo kule huchanganya tiba zote mbili, na nashukuru, kwa sababu vidole vya kupima mapigo peke yake visingejua ukubwa wa jiwe.

Ila vidole navyo vilifanya kazi. Asubuhi daktari, mama wa makamo, alinishika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, mkono mmoja kisha wa pili, akakaa kimya mpaka nikadhani amesinzia. Akaniambia nitoe ulimi. Kaka akawa ananitafsiria: ulimi mwekundu, una utando mzito wa njano, kwa hiyo kuna joto lenye unyevu kwenye jiko la chini.

Jiko? Ndiyo. Kwa mtazamo wao mwili una majiko matatu: la juu, la kati na la chini, na figo na kibofu viko hilo la chini. Joto na unyevu vikijikusanya huko, mkojo unachemka polepole, maji yanapungua, masalia yanaganda kuwa mchanga, kisha jiwe. Ugonjwa wanauita shilin: shi ni jiwe, lin ni mkojo unaouma na kutoka kwa matone. Daktari akatoa mfano wa birika lililojenga ukoko kwa kuchemshiwa maji miaka mingi. Mimi nikawaza mashamba ya chumvi ya nyumbani: maji ya bahari, jua la siku kadhaa, chumvi hiyo. Kiangazi kizima nilikuwa nawasindikiza wafanyabiashara wa Kariakoo kwenye maduka ya jumla, jasho linatiririka, chupa moja ndogo ya maji kutwa.

Nasoma uhandisi na sijashawishika kwamba tumboni mwangu kuna majiko. Lakini ule mfano uliniingia kuliko karatasi yoyote ya ushauri niliyowahi kupewa hospitali.

Dawa yenyewe msingi wake ni "dhahabu tatu". Ya kwanza ni jinqiancao, yaani nyasi ya sarafu za dhahabu. Ya Guangdong ina majani ya mviringo kama shilingi. Ya pili ni haijinsha, mchanga wa dhahabu wa baharini, ambao si mchanga wala si wa baharini: ni vumbi la spora, chembe za uzazi za mmea unaotambaa, jepesi mno hata hufungwa kwenye kitambaa kabla ya kuchemshwa. Ya tatu, jineijin, dhahabu ya ndani ya kuku. Kaka alipotafsiri hiyo nilicheka mpaka kiuno kikauma. Ni ile ngozi ya njano ndani ya firigisi, ambayo mama yangu huibandua na kuitupa kabla ya kupika!

Ilichemshwa pamoja na mimea mingine, nikawa nakunywa asubuhi na jioni. Ladha yake ni ya chungu kilichoungua. Nikachomwa pia sindano nyembamba zisizo na dawa kiunoni na mguuni, vidole vinne juu ya jicho la ndani la mguu. Hizo niliona zinanipunguzia mkazo. Na amri mbili: maji lita mbili na nusu kwa siku, na kuruka kamba. Akasisitiza nikipata homa au mkojo ukikata nikimbilie dharura, nisingoje chungu.

Katikati ya siku hizo nikataka kubana matumizi. Muuzaji mmoja wa mitishamba akaniuzia fungu la bei rahisi lenye vijiti vilivyoitwa mutong. Daktari alipoliona uso ulibadilika. Jina hilo limebeba mimea zaidi ya mmoja, na mmojawapo, guan mutong, una asidi ya aristolokiki, inayoharibu figo na kuleta saratani ya njia ya mkojo. China iliuondoa kwenye dawa zake rasmi mwaka 2003, miaka kumi baada ya madaktari wa Ubelgiji kuripoti wanawake walioharibika figo kwa vidonge vya kupunguza unene vyenye mimea ya Kichina. Fungu langu huenda lilikuwa salama. Alilitupa.

Siku ya tisa, alfajiri, nikasikia kitu kimegonga sinki la choo. Kidogo, cha kahawia, kina miiba. Maabara wakasema ni kalsiamu oksaleti, madini yanayoganda kwenye mkojo. Nikapunguziwa karanga, mchicha, chai ya rangi na chumvi. Ni dhahabu tatu, ni maji, au ni kamba? Jiwe la kadiri ile mara nyingi hutoka lenyewe, na daktari mwenyewe alikiri hivyo bila kuona haya. Angelikuta limezidi milimita 10, alisema, angenipeleka kwenye mashine ya kulivunja.

Nilimsimulia mama kwa simu, pamoja na habari ya firigisi. Wiki mbili baadaye akanitumia picha: ungo umejaa vingozi vya njano, vimeanikwa juani. "Nimekukusanyia mwanangu. Mtaa mzima wananiletea."