Nina zabibu Hombolo na paini Mufindi, haya ndiyo yaliyonikuta

Mwezi wa tatu 2020, asubuhi kabisa, jirani yangu wa shamba kule Hombolo, Dodoma, alinipigia simu, ni mzee wa Kigogo mtu wa maneno machache, nikamwamkia akaitikia marahaba kisha akaniambia mwanangu njoo, zabibu zako zimelala. Nikadhani zinaumwa. Kufika nakuta mistari minne mizima iko chini, waya umelegea kama kamba ya kuanikia nguo, matawi yamejaa vichala vyeusi vimeiva vizuri tu ila viko kwenye vumbi na kuku wa watu wanakula. Nikashika nguzo moja ikavunjika mkononi, ndani ni udongo mtupu, mchwa walishamaliza zamani wakaacha ganda la nje.

Sasa zile nguzo nilizileta mimi mwenyewe, kwa gharama zangu, kutoka Mufindi mkoani Iringa, na zilikuwa za paini.

Nianzie nyuma kidogo, maana wengi mnaniuliza kati ya zabibu na paini ipi rahisi kuhudumia. Mimi ni mtu wa Mufindi, kwetu mtoto anazaliwa anakuta miti. Mwanzoni mwa 2013 baba alinipa ekari tano tukapanda paini, mita mbili na nusu kwa mbili na nusu, ekari moja inabeba kama miti 640 hivi. 2017 nikahamishiwa Dodoma kikazi, wengi wenu mnakumbuka uhamisho ulivyokuwa serikali ilipohamia Dodoma, na mwaka uliofuata nikapata ekari moja ya mizabibu iliyokwishazaa, aina ya Makutupora nyekundu, mwenye nalo alikuwa anauza haraka. Nikajisemea mti ni mti, mimi nimekulia kwenye miti bwana.

Kosa la kwanza lilikuwa kwenye kupogoa. Kwetu paini unaipogoa ikifika mwaka wa nne au wa tano, unapanda na msumeno, unatoa matawi ya chini mpaka kama nusu ya urefu wa mti, unakata karibu na shina ili mbao isije kuwa na vifundo, na kile kilele hukigusi kabisa maana ndio mti wenyewe, ukikata kilele mti unapinda unatoa vichwa viwili na mbao umeshaharibu. Nikaenda na akili hiyo hiyo kwenye zabibu. Nikatoa vitawi vya chini taratibuuu, juu nikaacha yale matawi marefu yanapendeza kweli kweli. Mzee akapita na baiskeli akasimama. Akaniuliza, mama unazinyoa ndevu? Akashuka, akachukua mkasi wangu, akashika tawi lenye urefu wa mkono mzima akahesabu macho, yaani pale panapochipua, moja, mbili, tatu, chwaa. Nililia moyoni yaani. Ndani ya saa moja mstari umebaki visiki na vidole vifupi, na pale alipokata maji yanadondoka tone tone, wakulima wa huku wanasema mzabibu unalia. Akanambia acha ulie, usipolia haujaamka.

Na kweli, siku chache macho yakavimba, wiki mbili majani, na kwenye yale machipukizi mapya ndio maua yakatoka. Kumbe mzabibu hauzai kwenye tawi kuukuu, unazaa kwenye chipukizi la mwaka huu, kwa hiyo ukiuonea huruma unapata majani ya kumlishia mbuzi. Kuanzia siku unayokata ni kama miezi minne unavuna, ndio maana Dodoma tunaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka, baridi ya kuulaza mzabibu kama huko Ulaya hatuna, kwetu mkasi ndio unaouambia sasa anza upya.

Nikalewa na hilo jambo. Hela yote ya 2019 nikaipeleka Hombolo, samadi, salfa ya kupiga dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga, kibarua wa kufukuza ndege, mashine ya kuvutia maji. Zabibu ni kama mtoto mchanga, ukisema wiki hii nimechoka unakuta majani yana unga mweupe na vichala vimepasuka. Mambo ya Mufindi nikaona yanajiendea yenyewe, si miti tu iko pale inakua. Mdogo wangu akanipigia mwezi wa saba, dada barabara ya moto, ile njia tunayosafisha kuzunguka shamba moto usivuke, imeota nyasi, tuma hela ya vibarua. Nikamwambia subiri mwisho wa mwezi. Mwezi wa nane nikamwambia tena subiri. Mwezi wa kumi mtu akachoma shamba lake la mahindi upepo ukageuka.

Ekari moja na nusu. Miti ya miaka sita.

Hapa ndio nilipofanya ujinga wa pili ambao mpaka leo ndugu zangu wananitania. Nilifika nikakuta mashina meusi lakini yamesimama, nikasema msikate, yaacheni yaamke, nimeona zabibu inabaki kisiki na inarudi. Mdogo wangu akanitazama tu. Tukasubiri mvua za Desemba. Hakuna hata jicho moja! Paini ikishapoteza sindano zote ndio basi, kwenye gome tupu haichipui kama mzabibu au hata kama mikaratusi. Na kwa kusubiri kwangu wadudu wakaingia na mbao ikaanza kupiga rangi ya bluu, tukaishia kuuza kuni na mirunda kwa bei ya kutupa.

Kwa hiyo mnaponiuliza ipi rahisi kuhudumia huwa nacheka. Paini kazi yake ni chache, palizi miaka miwili mitatu ya mwanzo mche usizidiwe na nyasi, kupogoa, kupunguzia yaani kutoa baadhi ya miti ili mingine inenepe, halafu kila kiangazi barabara ya moto, basi. Ila hiyo moja ukiikosa hakuna kurudia. Zabibu kazi haziishi lakini msimu huu ukiharibu, msimu ujao unakata unaanza tena.

Kwenye kuuza mambo yanageuka. Msimu mmoja mnunuzi wa kiwanda aliniambia leta Jumanne, nikavuna alfajiri kabla ya jua, nikapanga kwenye makreti, nafika getini foleni, wanapima sukari kwa kile kidude cha kuchungulia, yangu ipo sawa lakini matenki yao yamejaa, njoo Alhamisi. Alhamisi! Na jua la Dodoma! Nusu nikauza barabarani kwenye ndoo kwa bei ya hasara, nyingine tukakamua na majirani kupata mchuzi wa zabibu, watengenezaji wadogo wa mvinyo wanaununua. Kuna kidogo nilikausha nyumbani, watoto hawakuzipenda sababu zina mbegu. Wakati paini ukiona bei ya mbao mbaya unaiacha imesimama, inazidi kunenepa bure. Hata mtu wa dingdong, zile mashine za kuhamahama za kupasulia mbao, akija na kishawishi cha kununua shamba zima mwaka wa nane unaweza kumwambia nenda urudi, kutoka mbao ya inchi mbili kwa nne mpaka ile pana ya moja kwa nane ni suala la muda tu. Na hakuna kinachotupwa, mabanzi yanajengea mabanda, maranda yanatandikwa chini ya kuku, na kwenye shamba la miti la serikali la Sao Hill ile miti mikubwa wanaigema utomvu unaokwenda kwenye rangi na gundi kabla hata haijakatwa.

Turudi kwenye nguzo zangu. Zilikuwa ni zile nilizopunguzia 2018, nimezinyoosha vizuri, nimezipaka oili chafu chini, nikaona nimeokoa hela ya nguzo. Mufindi banda la paini linakaa miaka, sikufikiria kabisa kwamba mchwa wa Dodoma ni habari nyingine. Mzee aliziona siku nazichimbia, hakusema kitu. Baadaye nikamuuliza mbona hukuniambia, akajibu ulikuwa na furaha sana. Nilibadilisha mistari yote, miti migumu ya porini katikati na nguzo za zege kwenye ncha, kwa mkopo ambao nimeumaliza majuzi tu.

Ila paini yangu imerudi Hombolo kwa mlango mwingine. Mwaka jana tulipasua miti michache mdogo wangu akanitumia mbao, fundi akanitengenezea makreti ishirini ya kuvunia na meza ya kuchambulia vichala. Usiku yanalala kibandani, juu ya matofali, na mzee akipita asubuhi anainama kwanza kuangalia chini.