Wanaonisikiliza nikizungumza krayoniki

Ukitaka kuzungumzia krayoniki, yaani kugandisha maiti kwa matumaini ya kuifufua siku za usoni, hapa Mombasa usianzie barazani Mji wa Kale. Wazee watakukirimu kahawa na kashata, wakusikilize kwa adabu, kisha mmoja aulize: "Mwanangu, maiti huzikwa haraka. Huyo wako angoja nini?" Mjadala umekwisha, wala sioni haja ya kubishana nao.

Wenye hamu ni watu wa kazi za baridi. Fundi mmoja wa mafriji pale Kongowea alitaka hesabu kamili. Nikamweleza: mwili huhifadhiwa ndani ya naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, baada ya damu kutolewa na kuingizwa dawa ya kuzuia barafu isipasue seli. Daktari wa mifugo naye alicheka sana. Yeye hubeba mtungi wa naitrojeni hiyo hiyo, umejaa mbegu za fahali. Mbegu sawa, akasema, lakini fahali mzima?

Bei lazima waulize. Cryonics Institute, shirika la krayoniki la Michigan, Marekani, hutoza kuanzia dola 28,000, na wengi hulipia kwa bima ya maisha. Mimi husema mapema, tena bila kuulizwa, kwamba James Bedford, mtu wa kwanza kuhifadhiwa hivyo, amegandishwa tangu 1967 na hakuna hata mmoja aliyewahi kurudishiwa uhai. Ajabu, ndipo watu husogeza viti karibu.

Swali bora lilitoka kwa mama muuza samaki: "Na stima ikipotea?" Matangi yale hayategemei stima, mama. Huongezwa naitrojeni tu. Akaniuliza yanauzwa wapi.