Siku moja na kangaga la kijitoni, Amani

Saa 11:30 alfajiri. Ukungu umelala juu ya Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, na bati linadondosha matone ingawa mvua haijanyesha. Chai ya tangawizi, kiporo cha muhogo, gambuti miguuni. Mimi ni kibarua wa kitalu cha miche, na wiki hii tunahesabu aina moja tu ya kangaga: Ptisana fraxinea. Vitabu vya zamani vinaliita Marattia. Jina lilibadilishwa mwaka 2008.

Saa 1:00. Mzee anayejua njia za bondeni yuko tayari na panga lake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Leo siafu wapo."

Saa 2:15. Walikuwepo. Nilivua suruali katikati ya njia, mzee akageuka kutazama miti kwa adabu kubwa, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Saa 3:30. Tumefika kijitoni. Kuti moja la kangaga hili linaweza kufika mita 4, na ukisimama chini yake unajiona mtoto. Kuti changa bado limejikunja kama mkia wa kinyonga. Nageuza jani: pembezoni mwa vijani, upande wa chini, kuna vipunje vidogo vya kahawia vilivyojipanga. Ptisana ni neno la Kilatini la shayiri iliyokobolewa, na kweli ndivyo vinavyoonekana. Kila kipunje ni vifuko vilivyoshikana vya spora, vumbi ambalo kangaga hulitumia kuzaana badala ya mbegu. Makangaga mengi hurusha spora kwa mfyatuko. Hili halina fyatuo, kipunje hupasuka tu kama ngalawa iliyofunguka katikati, upepo ukachukua.

Nikipanda mteremko hatua thelathini silioni tena hata moja. Spora ikiota haitoi kangaga moja kwa moja, inatoa kwanza kibamba cha kijani kinachotambaa kwenye tope, na mbegu ya kiume lazima iogelee kulifikia yai. Pasipo utando wa maji hapana mtoto. Ndiyo maana linang'ang'ania kingo zenye kivuli, ingawa Afrika ya kitropiki linajulikana sehemu nyingi. Ukoo wake ni wa kale mno: miaka milioni 300 iliyopita jamaa zake walisimama kama miti kwenye vinamasi.

Saa 5:00. Kangaga namba 7 kwenye hesabu yetu linatuvunja moyo. Mti mkubwa uliokuwa juu yake umeangushwa na upepo, jua likaingia, na makuti yamekauka ncha kama karatasi iliyopitishwa motoni. Mzee anachimbua kwa vidole chini ya vikonyo, anang'oa "masikio" mawili: vipande vinene, vigumu, mfano wa kipande cha kiazi kikuu. Kila kikonyo kinalo jozi. Yakilala mahali penye unyevu huchipua mmea mpya, bila spora wala kuogelea. Nayafunga kwenye kuvumwani, ule uoto laini wenye unyevu.

Saa 7:00. Wali, maharage, usingizi wa dakika kumi.

Saa 8:30. Kitaluni. Masikio nayazika nusu tu kwenye viriba vya mboji na mchanga, chini ya wavu wa kivuli. Ukiyazika yote yanaoza. Mwaka jana nilijaribu spora, nikasahau kuumwagia udongo maji ya moto kwanza. Ukungu mweupe ukala karibu kila kitu. Vilivyopona ni vibamba vya ukubwa wa ukucha, na hadi leo havijatoa jani.

Saa 11:00 jioni. Nanyunyizia maji ya mvua na kupima sikio nililolipanda Januari. Lina chipukizi moja, limejikunja, limefunikwa magamba ya kahawia. Mzee anapita na jembe begani.

"Limekua kiasi gani?"

"Tangu wiki iliyopita? Milimita mbili, babu."

"Basi muhogo wangu umelishinda," anasema, na kushika njia ya kwake.