Shemeji alitaka nirudishe chupa

Tangu Jumapili sijatulia. Shemeji yangu, mume wa dada, alipita hapa Brussels akitokea Ujerumani kwenye mambo yake ya spea, akalala kwangu siku mbili. Nikasema mgeni kama huyu hanyweshwi bia ya supamaketi. Nikampeleka sehemu ninayoipenda kuliko zote, nikaagiza gueuze, bia chachu ya hapa Ubelgiji, ile chupa kubwa ya sentilita 75 yenye kizibo kama cha shampeni. Euro 22. Mlioko nyumbani pigeni wenyewe hesabu ya kreti. Mhudumu akaileta imelazwa kwenye kikapu kama mtoto, akaifungua bila kuitikisa, akatumiminia pole pole, mashapo yakabaki chini. Shemeji akapiga funda moja, akakunja uso, akaisukuma glasi katikati ya meza.

"Shem, hii imechacha. Mwite akubadilishie."

Nikamwambia haijaharibika, ndivyo ilivyo. Akainusa tena. "Mangi, umeshakuwa Mzungu. Hela ya kreti nzima unanunulia kitu kilichooza?"

Mhudumu hajui Kiswahili, ila uso wa shemeji haukuhitaji mkalimani. Akaja kuuliza kama kuna tatizo. Nikasema hakuna, nikaimalizia chupa ile karibu yote mwenyewe, shemeji akaagiziwa bia ya kawaida, baridi, akatulia.

Angekuwa mtu wa pwani ambaye hajawahi kugusa pombe ya kienyeji, ningemwelewa. Lakini shemeji ni wa Kibosho, kule Kilimanjaro. Amebatizwa, akapata kipaimara, akatoa mahari, na kila mara kulikuwa na mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, uwanjani. Ule uchachu alioukunjia uso ni uchachu wa kwao. Hilo ndilo lililoniuma, na ndilo lililonifanya niandike.

Mama yangu alipika mbege ya kuuza kule Marangu. Ada yangu ya sekondari imetoka ndani ya pipa. Ndizi zinaachwa mpaka zinaiva kupita kiasi, zinachemshwa hadi zinageuka nyekundu, kisha zinakaa siku kadhaa zikichacha zenyewe. Hakuna anayetia hamira ya dukani. Magome ya msesewe yanachemshwa pembeni kwa ajili ya uchungu. Ulezi unaoteshwa, unaanikwa, unasagwa, unapikwa uji, na uji huo ukishapoa ndipo unakutana na maji ya ndizi. Kesho yake watu wanakunywa. Pipa la kuchachulia lilikuwa na sheria moja: linaoshwa kwa maji ya moto tu. Nikiwa darasa la tano nililisugua kwa sabuni ya unga nikijua namsaidia mama. Mbege ya wiki ile ilikataa. Ikakaa tu pale, tamu tamu, haichemki, na wateja wa Jumamosi wakaenda kwa jirani. Sikuchapwa, lakini mama hakuzungumza mpaka usiku.

Sasa miaka mingi baadaye nafika Ubelgiji, nafanya kazi ya kulea wazee, na mwenzangu wa zamu ananipeleka Anderlecht kwenye kiwanda kinachoitwa Cantillon, kiko hapo tangu 1900. Kutoka nje ungesema gereji. Ndani giza, mapipa ya mbao yamepangwa mpaka darini, na utando wa buibui umeachwa kwa makusudi, maana buibui wanakula vile vijidudu vinavyofuata matunda. Juu kabisa, chini ya paa, kuna karai la shaba, pana kama sakafu ya chumba na kina kifupi. Wanapika shayiri iliyooteshwa pamoja na ngano ambayo haijaoteshwa, na hopsi, yale maua machungu ya kutia kwenye bia, za zamani zilizokwisha kupoteza ukali, wanaimwaga ile supu ya moto humo usiku wa baridi, na wanaacha hewa ipite kwenye matundu ya ukuta. Basi. Hamira inakuja na hewa na mbao za jengo. Moja ya hamira hizo mwitu imepewa jina la mji wenyewe, bruxellensis. Kazi hii inafanywa miezi ya baridi tu, kuanzia Oktoba hivi mpaka Aprili, kwa sababu joto likizidi wanaingia wadudu wasiotakiwa.

Nilisimama kando ya lile karai nikanusa. Ilikuwa ni nyumba ya nyuma ya mama, asubuhi, kabla wateja hawajafika. Machozi yalinilengalenga, sioni aibu kusema.

Kinachowatenganisha na mama ni muda. Mbege siku ya tatu imeshakuwa kali, inamwagwa au inapewa wazee wasiojali. Hawa wanaitia kwenye pipa la mwaloni mwaka mmoja, miwili, mitatu. Bado inaitwa lambic, haina povu, imelala kama divai. Kisha fundi anaonja pipa baada ya pipa, anachanganya ya mwaka mmoja ambayo ina sukari bado, ya miwili, na ya mitatu iliyokomaa, anaifungia kwenye chupa, inachemka upya humo humo. Hapo ndipo inaitwa gueuze. Ukilipa euro 22 unalipia miaka mitatu ya mtu kungoja pipa. Mimi nimeona mama akingoja siku tano tu akiwa na deni la ada. Nalipa bila kinyongo.

Na si hiyo tu. Nilipofika nilidhani bia ni bia. Nikaingia baa nikaomba "bia", mhudumu akaniletea kitabu, akaondoka. Kitabu kizima ni bia! Baadaye nikapewa glasi ya sentilita 25, nikaona nimedharauliwa, mtu uliyezoea chupa ya nusu lita mezani na nyingine inasubiri. Ilinichukua muda kujua kwamba hapa watu wanaonja zaidi ya wanavyokata kiu. Kila bia ina glasi yake, na mhudumu hakubali kuiweka kwenye glasi ya mwenzake. Mwaka 2016 UNESCO iliuingiza utamaduni wa bia wa Ubelgiji kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Nilipoisoma habari ile nilifikiria kata ya mbege ikizungushwa kwenye kikao cha ukoo.

Nikupe nilizozipenda, kwa wale mtakaopita huku. Orval, ya watawa, asilimia 6.2: ikiwa mpya ina uchungu safi wa maua, iache kabatini mwaka mmoja, ukiifungua inanuka ngozi ya mbuzi iliyoanikwa juani, na ni nzuri zaidi. Rochefort 10, asilimia 11.3, nyeusi, ukiionja unakuta tende na sukari guru. Hiyo ni ya kunywa moja ukiwa umekaa, baada ya kula. Kriek ni lambic iliyolazwa na cheri, nyekundu kama rosela, na inakauka mdomoni kama rosela isiyotiwa sukari. Anza na nyepesi uende nzito, usianze na Rochefort halafu ukalalamika kwamba nyingine ni maji. Na usidai iwe baridi ya kuganda. Baridi inaua harufu, unabaki na gesi tu. Wazee wetu wanaoagiza Safari "ya moto" kilabuni wakichekwa na vijana, walikuwa na lao. Nimewaelewa nikiwa huku.

Lakini angalia asilimia kabla hujainua glasi. Duvel ina rangi ya njano kama bia yoyote ya nyumbani, na ni asilimia 8.5. Westmalle Tripel ni 9.5. Nimewaona Wabongo wapya wakizipiga tatu, nne, kwa mwendo ule ule wa Kilimanjaro, na wakatolewa wamebebwa. Ukiwa na gari usijaribu kabisa, kipimo hapa ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, na ukipoteza leseni hapa umepoteza kazi, maana zamu ya alfajiri hakuna treni. Na mnaojiandaa kuja, nisikilizeni: miezi sita ya kwanza msibadilishe kila bei kuwa shilingi, mtalala njaa. Na picha za chupa msizirushe kwenye grupu la familia. Ukirusha picha ya glasi moja Ijumaa, Jumatatu unaombwa bati za nyumba. Na msinywe peke yenu chumbani Desemba na Januari. Giza la saa kumi na moja jioni si la mchezo, na bia nzito ndani ya chumba kimoja imewamaliza vijana wazuri niliowafahamu. Bia hizi zinatakiwa meza na mtu wa kuongea naye.

Mimi nilimpata wa kuongea naye Matonge, ule mtaa wa Wakongo pale Ixelles. Ni kaka mmoja wa Bukavu, Kiswahili chake na changu tunasaidiana. Siku nilipompa gueuze aonje alinyamaza, akaonja tena, akasema, "Hii ni kasiksi. Kasiksi ya ndizi, ila wameinyima ndizi." Tulikaa mpaka wanafunga. Akanieleza bibi yake alivyokuwa akikamua ndizi kwa majani ndani ya mtumbwi wa mti. Mimi nikamweleza msesewe. Wazungu wawili meza ya pili, mtu na mkewe, wazee, walisikia tunataja kitu huku tunanyooshea glasi, wakauliza. Tukawaeleza kwa Kifaransa chetu. Yule mzee akauliza maswali ya mtu anayetaka kujua kweli: ulezi unaoteshwa siku ngapi, gome linachemshwa muda gani, uchungu unafanana na hopsi? Hakuna aliyewahi kuniuliza hayo, hata Dar. Dar, kwenye harusi zetu, mbege inaletwa na madumu, inawekwa nyuma ya ukumbi kwa wazee wa kijijini, na mezani kwa wageni wa heshima kuna chupa zenye lebo. Shemeji ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi ya mdogo wangu. Aliyapanga hayo mwenyewe.

Sikumgombeza. Ni mgeni, na ni mume wa dada. Lakini asubuhi wakati wa kumsindikiza uwanja wa ndege nilimuuliza kwa nini mbege ya Kibosho haimchukizi, akasema, "Ile ni ya nyumbani, naijua inatoka wapi." Nikamwambia basi na hii nimekuonyesha inakotoka. Hakujibu, alikuwa anapima uzito wa begi.

Jioni nikampigia mama. Nilimweleza yote, karai la darini, buibui, mapipa, miaka mitatu. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Kwenye miaka mitatu akasema "yesu wangu" taratibu. Kisha akauliza swali moja tu.

"Hayo mapipa wanayaosha na nini?"

"Maji ya moto, mama. Na mvuke. Sabuni hawagusishi."

Kimya kidogo. Nikasikia kuku nyuma yake.

"Eeh. Basi hao ni wapishi," akasema, kisha akauliza kama mkwe wake alikuwa na koti la kutosha.