Kutoka uwakili hadi udiwani, nikiwa binti wa diwani

Kwetu juu ya Uwanda wa Makonde, mkoani Mtwara, ukoo wako hujulikana kabla hujafungua mdomo. Babu aliongoza tawi la TANU kijijini, baba akaja kuwa diwani. Niliporudi kutoka Dar es Salaam na uwakili wangu, watu walishaamua kuwa nitagombea.

Jina lilinibeba, hilo silikatai. Kwenye kura za maoni wazee walinisikiliza kwa heshima ya baba. Ila jina hilo lina madeni yake: kila aliyeahidiwa kisima zamani alikuja kunidai mimi.

Nilipoapishwa tu, niliachana na kesi zote zinazoigusa halmashauri. Kanuni zinamtaka diwani atamke maslahi yake kikaoni. Mimi niliona kutamka hakutoshi. Wateja walipungua, na nilitegemea korosho za familia mpaka ofisi ikasimama tena.

Kilichonipa imani ya watu ni mbaazi. Mama mmoja jirani alinifuata na risiti ya kizuizi cha ushuru cha barabarani. Alikuwa amepeleka magunia mawili kwenye mnada wa wilaya nyingine, akatozwa ushuru. "Mwanangu, wewe si umesoma sheria? Hii ni halali?" Haikuwa halali. Mabadiliko ya bajeti ya 2017/18 yaliondoa ushuru kwa anayesafirisha mazao yasiyozidi tani 1 kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Yaleyale ndiyo yaliyoshusha ushuru wa mazao ya biashara kutoka asilimia 5 hadi 3. Nikaandika swali kwa ajili ya kikao cha baraza, nikaambatanisha nakala ya risiti na kifungu chenyewe. Mkurugenzi akaagiza vijana wa kizuizini wapewe maelekezo kwa maandishi.

Tangu hapo nilijua kazi yangu iko kwenye makabrasha. Katiba, ibara ya 67, haidai digrii hata kwa mbunge: kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza kunatosha, na ni sawa kabisa, maana nina madiwani wenzangu wanaoijua kata nyumba kwa nyumba kuliko mimi. Lakini rasimu ya sheria ndogo ikija ina kurasa nyingi na kikao ni kimoja, lazima awepo wa kuisoma neno kwa neno.

Rasimu ya masoko niliibeba hadi kwenye mkutano wa kitongoji, nikaisoma kwa sauti chini ya mkorosho. Kifungu kimoja kilimtoza faini "mtu yeyote atakayeuza bidhaa nje ya eneo la soko". Bibi mmoja aliyekaa mkekani akanyoosha mkono: "Na mihogo yangu ya kuchoma hapo barazani kwangu, mheshimiwa?" Hakuna mwanasheria aliyekuwa ameliona hilo, nami nilikuwa nimekipitia kifungu hichohicho usiku uliotangulia. Palepale niliandika nyongeza ya kumwondolea faini anayeuza mbele ya makazi yake. Kwenye baraza ilibishaniwa sana, wengine wakihofia mapato, mwishowe ikapita.

Sasa rasimu inasubiri idhini ya Waziri na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Kila mkutano nawakumbusha wananchi: kabla ya hapo, asiwepo wa kuwatoza faini kwa sheria hiyo, na akitokea waniletee risiti.